Aliyefungua Geti

Kitabu nilikipata kwa elfu mbili, pale Posta,
kwenye turubai, kati ya chaja za simu
na Biolojia ya kidato cha pili.
Jalada lina kisu. Kisu kina damu.
Damu inang'aa kama rangi ya kucha.
"Mzee Likwata," muuzaji akaapa, "ukishika hiki, hulali."
Nikamwambia, kulala ndiko ninakokatazwa.

Basi usiku wa kwanza, Upanga, chini ya taa ya geti,
kumbikumbi wakidondokea kurasa,
nikaingia Kisarazo: mji wa mtaa mmoja,
benki moja, baa mbili, na tajiri wa ufuta
aliyekutwa ghalani, kalala kifudifudi,
mdomo umejaa ufuta.

Ufuta ule ulinishika, nakiri.
Niliacha chai ikapoa.
Nikamshuku mjane, kwa glavu zake.
Nikamshuku daktari, anacheka peke yake.
Nikamshuku hata Inspekta Ndalahwa
kwa jinsi anavyokunja koti lake kila sura,
kama mwandishi kasahau kwamba keshalikunja.

Usiku wa tatu ufuta haukutajwa tena.
Usiku wa nne mvua ilinyesha kurasa tisa.
Mtu mmoja, Sifuni, alikufa ukurasa wa mia na kumi;
ukurasa wa mia na thelathini akaagiza supu.

Usiku wa tano, saa tisa na dakika kumi,
nimebakiza kurasa mbili, na moyo, hata hivyo, unadunda
(mtu hujidanganya mpaka mwisho),
Inspekta akanyoosha kidole:
aliyeua ni mlinzi.

Mlinzi!

Nikarudi nyuma, nalamba kidole, namtafuta.
Yumo mara mbili.
Sura ya kwanza: mlinzi akafungua geti.
Sura ya saba: mlinzi akafunga geti.
Hana jina, hana mke, hana hata kikohozi.
Kaua kwa nini? "Tamaa," kasema Inspekta,
na kitabu kikakatika kama umeme wa Luku.

Wewe uliyeandika,
mimi geti hili nimelifungua miaka kumi na moja.
Najua gari lipi huzima taa kabla ya kona.
Najua nani wa ghorofa ya tatu hushuka bila viatu,
na begi lipi lilitoka alfajiri ile, likabebwa na watu wawili.
Ungekuja ukaniuliza.
Kreti la soda la kukalia lipo.
Ningekurudishia ufuta wako, punje kwa punje.

Nikachukua kalamu ya daftari la wageni,
nikafungua sura ya kwanza, penye neno lile,
nikaandika pembeni, herufi ndogo:
Anaitwa Mkwepu. Kifua kinamsumbua.
Ana binti anayesomea

Honi. Mara mbili, ya mtu asiyependa kusubiri.
Nikakiweka kitabu kwenye kreti, kifudifudi.
Mlinzi akafungua geti.