Kifungo cha Koromka

Wamenipa kazi ya kumtia mdomo.
Miaka thelathini na minane hakuwa nao
na hakuna mtoto wa Kecskemét aliyeuulizia.
Alikuwa na ngazi, brashi, kofia nyeusi,
nukta ishirini na nne toka kisigino hadi utosi,
msafisha dohani, masizi matupu,
akiruka paa hadi paa, kushoto kwenda kulia,
kwa kuwa kulia ndiko dunia ilikoendelea.

Tulimpakia kutoka kwenye kaseti.
Dakika saba za mlio, kama paka aliyebanwa na mlango,
na mama tulimkataza kupita na ndoo, sakafu isitikisike.
Emőke alishika vitufe vya kwenda.
Mimi, kitufe cha kuruka.
Mwili mmoja, wasichana wawili.
Akichelewa yeye, nimekufa mimi.
Nikiwahi mimi, tumekufa sote.
Tulifinyana, tukaanza upya.

Sasa nimekaa orofa ya tatu, juu ya kiwanda cha jemu,
na Szilveszter, mtayarishaji, ana orodha.
Aseme. Awe na mama. Ajifunze jambo.
Awachekeshe wa miaka minne
bila kuwachosha waliowalipia tiketi.
"Na kufa?"
"Mara moja tu," akasema, "na asife kweli."

Mimi nimekufa mara elfu kwenye paa la kanisa,
hatua ya tisa, njiwa wakija wawili wawili.
Hiyo ndiyo iliyokuwa hadithi yenyewe:
kuanguka, kimya kidogo, ngazi begani tena.
Filamu ni maji; yakimwagika hayazoleki.

Nimechora midomo mia mbili na kumi.
Kila mmoja ulimgeuza mtu mwingine:
huu binamu yangu, huu mwuza bima,
huu mtu anayetaka sana apendwe.
Usiku nilizima taa, nikamwomba radhi.

Nikapanda treni hadi Szolnok kumtafuta Döme Vadkerti,
aliyemuumba akiwa na miaka kumi na tisa.
Siku hizi anatengeneza lifti.
Nilimkuta ndani ya shimo, tochi kaiuma kwa meno,
kwa hiyo naye, kwa muda, hakuwa na mdomo.
Aliitoa, akaifuta kwenye suruali.
"Kumbukumbu ilikuwa imeniishia," akasema.
"Nilibakiwa na nukta moja nyeupe.
Mdomo, au kifungo cha koti.
Unajua, mtu akiona msafisha dohani
hushika kifungo chake, bahati isimpite.
Nikawaza, huyu anagawa bahati mji mzima,
yeye amwone nani?
Nikampa kifungo chake."
Juu yetu kuna mtu alikuwa akigonga, amekwama.
Döme akarudisha tochi kinywani.

Tulivutana wiki mbili, Szilveszter na mimi.
Mama amebaki. Somo limekufa.
Pale mdomo ulipotakiwa pamefungwa skafu nyekundu,
na skafu zitauzwa madukani. Haya.

Jumamosi tuliwaonyesha watoto sitini.
Bisi chini ya viatu, mmoja analilia choo.
Dakika ya arobaini na moja, paa la kanisa.
Njiwa.
Nilimsimamisha ukingoni sekunde sita, bila muziki,
mkono umefunika kifungo.
Safu ya tatu, mtoto ambaye hajawahi kuona kaseti
akapiga kelele: "Ruka!"
Na gizani dole gumba langu
likabonyeza mkono wa kiti, likabonyeza tena.

Emőke, hatujasemezana tangu tuuze nyumba ya mama.
Sikumbuki vizuri nani alichelewa, nani aliwahi.
Nasikia huko Linz wataionyesha mwezi wa tatu,
kwa Kijerumani, ingawa yeye hasemi kitu kwa lugha yoyote.
Nenda, au usiende.
Ila ukifika pale ukingoni, zile sekunde sita,
ujue si madoido ya mchoraji.
Mimi najua kuruka tu.
Vitufe vya kwenda unavyo wewe.