Zamani wa Radi Saba

Bango la Tononoka limeliandika jina langu,
Athmani Shekue, kwa herufi za sisimizi.
Chini yake, nyekundu, kubwa kama mlango:
ZAMANI WA RADI SABA.

Watu ishirini na tisa. Niliwahesabu nikikaza waya wa tatu.
Nikawapigia roki yangu mpya, ile niliyoitunga Kongowea
jirani akigonga ukuta kwa mwiko.
Wakasikiliza kama wanaongoja dawa hospitali.
"Piga ile!" mmoja akapaza.
Ile. Haihitaji jina.

Nikaipiga. Nikafika pale Kombo alipokuwa akiingia na drami zake,
nikanyamaza mapigo manne — mazoea hayana talaka —
na ndani ya pengo lile
feni ya dari ikapiga kwikwi,
tena kwikwi, imechelewa kidogo,
kama Kombo mwenyewe.

Nikacheka kwenye maikrofoni.
Nikaifuata feni.

Saa sita mwenye ukumbi akanihesabia elfu tatu.
Nikaanza kuzipanga mezani mafungu matano,
moja la Kombo, moja la Mbarak mwenye besi,
kisha nikakumbuka,
nikazikusanya.

Hazikuzidi.