Daftari la Nta

Futa machozi, Sizya. Jina tu ndilo linatisha:
matriksi,
kama dawa ya minyoo.
Kumi na mbili kwa hamsini si msiba.

Lete daftari la mama, lile linalonuka moshi wa mizinga.
Juu ameandika: asali, nta.
Pembeni: Kalunde, na yeye mwenyewe, Mwashi.
Ndani, namba nne zimekaa kimya:

3   2
1   4

Hiyo ndiyo matriksi. Umeiona tangu hujaota meno.
Mlalo ni mtu, wima ni mali.
Kila namba ina kiti chake;
hamisha ile nne ikae juu
uone Kalunde atakavyodai nta isiyo yake,
na ugomvi usikike hadi Ng'ambo.

Wakileta mzigo mwingine, jumlisha kiti kwa kiti.
Asali usiitie kwenye nta.

Sasa kuzidisha, palipokuangusha.
Hizi ni bei, kwa maelfu: asali juu, nta chini;
mnunuzi wa Stesheni kushoto, wa Ipuli kulia.

90   80
10   20

Kidole cha kushoto kipite mlalo wa Kalunde,
cha kulia kishuke wima wa Stesheni.
Tatu mara tisini. Mbili mara kumi.
Jumlisha: mia mbili na tisini.
Kidole kimoja kinatembea, kingine kinashuka,
wanakutana, wanaacha namba moja.
Rudia mara tatu. Polepole, taa haijaisha mafuta.

290   280
130   160

Mama akiongeza uyoga na bei ya uyoga haipo,
kidole kimoja kitabaki hewani: hesabu imegoma.
Na usitangulize bei.
Ni kama kurina kabla ya kufukiza moshi:
utapata kitu,
ila si asali.

Mbona umenyamaza?

Ndiyo. Na mimi nimeuona huo mlalo wa chini.
Kalunde anafaidi Stesheni.
Mama angefaidi Ipuli, thelathini elfu zaidi kila safari,
lakini huenda Stesheni miaka yote
kwa sababu yule mzee humpa kiti
na kumuuliza habari za mgongo wake.

Usimwambie leo.
Kiti nacho kina bei, sijui niiweke safu gani.
Sahihisha kwanza swali la pili.