Buluu ya Uongo

Nilimwambia Tumsifu: usiiamini buluu hiyo.
Kichupani mna sabuni, tone tu,
imetiwa ili protini zisigandane,
na rangi ikionja sabuni
hupiga vigelegele harusini pasipo bi harusi.

Akajaribu shaba. Ikaja zambarau,
zambarau ya kujipendekeza.
Nje, jenereta la Mabibo linakohoa.

Tukabaki na mwanga, ule usioonekana kwa jicho:
tukaupitisha, tukahesabu kilichomezwa.
Arobaini na saba.
Lebo inadai hamsini.

"Tuandike ipi?"
Nikaukumbuka mkono wa dada yangu, wodini,
mshipa uliotafutwa mara tatu.
Pima tena, nikasema.
Anza na maji yake matupu, yasiyo na dawa,
tujue kwanza uongo una uzito gani.