Nukta au Chai

Mafinga, Julai. Ukungu umelala hadi dirishani.
Nimefungua daftari la baba, lile la jalada la bluu,
alimoandika kwa penseli vipimo
vya risasi za bastola yake ya shabaha.

Kibali ninacho, kwenye bahasha ya kaki,
mhuri umekaa sawa. Mashine ninayo,
nimeifunga kwa boliti juu ya meza ya cherehani.
Maganda nimeyasugua kwa limau hadi yakacheka.
Kilichobaki ni namba moja tu.

Na namba ipo, ukurasa wa kumi na saba:
tarakimu mbili,
na kati yake kitu cha hudhurungi.
Ni nukta?
Au ni tone la chai?
Baba hakuandika bila kikombe, chai kavu,
majani ya mashambani hukuhuku Mufindi.
Kama ni nukta, ni chembe za kujaa ukucha.
Kama ni chai, ni mara kumi yake.

Mbele ya namba ameandika: punje.
Mama, akipukuchua, anauliza punje za nini.
Nasema ni uzito, mdogo kuliko gramu,
ndivyo unavyoitwa.
"Basi aliyeuanzisha alikuwa mkulima," anasema,
"na mkulima hawezi kuwa mkali hivyo.
Mimi chumvi naweka kwa kadiri."

Ndiyo, mama. Lakini chumvi ikizidi tunaongeza maji.

Luvanda wa jirani naye ana lake:
kijiko cha dawa ya kikohozi, ujaze, ufute juu kwa kidole,
babu zake waliua nguruwe pori kwa kipimo hicho.
Luvanda, lile ni gobore.
Ile baruti ilitoa moshi wa kuficha nyumba.
Hii imo kwenye kopo ambalo mende wamekula lebo,
ya kijivu, kama ulezi uliochomwa,
na sijui hata inaitwa nani.

Nikampigia Nyagawa, fundi bunduki, Iringa mjini.
"Kopo linaitwaje?"
"Halina jina."
"Basi halina kipimo. Na usije ukalinganisha rangi:
mapacha wa sura si mapacha wa hasira."
Akakohoa. Nyuma yake redio ilisoma bei ya vitunguu.
"Tafuta kopo lililofungwa, na kitabu cha mwenye kiwanda,
cha sasa, si cha kurithi.
Jina la baruti, uzito wa kichwa cha risasi, urefu wake,
vyote vifanane na ulivyonavyo mezani.
Kimoja kikikataa, funga kitabu ukalale.
Vikikubali vyote, anzia chini."
"Chini kiasi gani?"
"Pale kitabu kinaposema anza. Unataka tukubishanie?"

Jioni nilirudisha daftari kwenye droo
nikakuta kibiriti kisicholia njiti.
Ndani, ganda moja,
limepasuka ubavu kama njegere iliyokauka juani,
limeviringishwa karatasi yenye tarehe.
Tarehe ya ukurasa wa kumi na saba.

Kovu lile juu ya nyusi.
Tawi la mkaratusi, alituambia.
Miaka kumi na tisa tumeilaumu miti.

Nikafungua tena. Wa kumi na nane ni mtupu.
Wa kumi na tisa maandishi yanarudi, madogo,
yameinama kidogo kushoto,
na kila nukta ameizungushia duara.
Kila moja, hadi daftari linaisha.
Ule wa kumi na saba hakuusahihisha.
Labda hakutaka kuugusa. Labda alijua
kuna siku mtu atakaa hapa akiukodolea macho.

Kopo la mende nimelimwaga uani, jembamba jembamba,
kama unavyotawanya mbolea,
mbali na jiko. Mama analalamikia figiri zake.

Kitabu kimekuja Alhamisi, na basi la Iringa,
kimefungwa gazeti na kamba ya katani.
Nimekisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari.
Chai nimeiacha jikoni.