Barua Iliyofungia Omena

Faili mbili, makabati mawili, ofisi moja pale Milimani.
Ya kwanza ya Obuya: majina ya wadau,
chifu, kanisa, chama cha wenye nyumba,
kila jina na rangi yake,
nyekundu kwa mwenye nguvu, kijivu kwa asiye na neno.
Ya pili yangu: barua, mabango, mikutano,
nani aambiwe nini, siku gani, kwa sahihi ya nani.
Mwaka mzima tulikunywa chai meza moja
na hatukuwahi kubadilishana faili.

Mtaro ulikuwa upite Nyalenda.
Nikapeleka barua mia na arobaini.
Nikaandika kwenye ripoti: Wote wamejulishwa.
Sentensi fupi. Niliipenda.

Alhamisi tingatinga likanguruma
hadi kwenye jiko la udongo, karai la mafuta juu yake,
na mama ameketi kando, mguu juu ya mguu.
"Syprosa Nyagude," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.
Dereva akazima injini. Watoto wakaja, kisha majirani,
kisha mimi, tope mpaka kwenye soksi.

"Barua yenu ilifika," akaniambia.
"Karatasi nzuri, ngumu, haivuji mafuta upesi.
Nimefungia omena wiki nzima.
Kama kuna neno mlitaka nilijue,
mteja wangu wa Jumanne amelila."

Walicheka wao. Mimi sikucheka.

"Mkutano mliuita saa nne asubuhi.
Saa nne mimi niko Dunga, nagombania samaki.
Mkamwambia mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko Nakuru,
chumba hiki anakijua kwa M-Pesa tu.
Ninayejua maji hupita wapi Aprili ni mimi,
maana hupita chini ya kitanda changu."

Jioni hiyo nikaifungua faili ya Obuya.
Nikamtafuta. Hakuwa mwekundu, hakuwa wa kijivu.
Alikuwa ndani ya neno "wengineo."
Obuya akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Yeye alijua watu asiosema nao,
mimi nilisema na watu nisiowajua,
na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao
unene wa kidole.

Sasa tuna daftari moja. Limeanza kunuka mafuta.
Syprosa Nyagude: aendewe saa kumi na mbili jioni,
jiko likishawaka. Kwa Dholuo.
Usikae mpaka uambiwe ukae.
Usianze na mtaro,
anza na maji ya Aprili.

Mtaro umepinda hatua nne kushoto,
mhandisi bado amenuna.
Na kuna nyumba ya mabati ya buluu karibu na daraja:
simu haipatikani, jina hatujalipata.
Obuya ameiandika kwa penseli.
Kesho naenda kubisha hodi,
mikono mitupu, bila karatasi.