Chumba cha Kumi na Nne

Mlango wangu umebanwa kati ya stoo ya buti
na dirisha la mishahara. Watu elfu nne na ushei
wanaandikisha zamu katika kituo hiki cha Tarnowskie Góry,
wala hakuna aliyewahi kuja kwangu.
Wote wanafuata buti.

"Nimefuata buti," alisema Gerard Pyka,
dereva wa mabehewa ya makaa, mwaka wa ishirini na sita kazini.
Akachungulia koridoni,
akavua kofia, akaketi.

Siku ile alinipa habari za njiwa.
Wiki ya pili, njiwa.
Anao hamsini na wawili darini, kila mmoja na jina lake.
Róża alipelekwa Ubelgiji ndani ya tenga,
akarudi siku kumi na moja baadaye, bawa limechanika,
akaingia, akanywa maji, kama si yeye.
Nikaandika: njiwa. Nikapiga mstari.
Chuoni walinifundisha kuuliza.
Hapa nimejifunza kuiacha chai ipoe.

Wiki ya tatu akasema: mita mia saba na arobaini.
Ndizo inazohitaji treni iliyosheheni ili isimame.
"Nilifunga breki, Bi Halszka. Nilifunga.
Ukishafunga, mkono hauna kazi tena.
Unakaa tu. Umewahi kukaa hivyo?
Alivaa kofia ya manjano. Hakugeuka."
Nyuma ya ukuta printa ilikuwa inatoa
hati za mishahara, moja moja.

Meneja Sobczyk si mtu mbaya, tuelewane.
Kila Ijumaa hubisha kwa kidole kimoja:
"Yule wetu, yuko tayari? Njia ya Gliwice haina mtu."
Fomu ina visanduku viwili. Anafaa. Hafai.
Hakuna kisanduku cha mtu anayeamka saa tisa usiku
kupanda darini, kuhesabu ndege kwa tochi.
Mkono mtupu haulambwi,
na huu unaonilisha ndio ulioishika fomu;
mimi nalijua hilo, Pyka analijua.
Nikachora kisanduku cha tatu kwa kalamu ya risasi,
nikaandika ndani: Bado.
Sobczyk akakitazama kitambo.
"Mfumo hautakisoma," akasema.
"Basi kisome wewe."

Sitasema amepona. Neno hilo
nimewaachia wenye plasta na mkasi.
Machi, theluji ikigeuka tope, alirudi kwenye injini,
kwanza ubavuni mwa mwenzake, mikono mapajani.
Akifika kilomita ya thelathini na moja hupiga honi, ndefu,
pasipo na kivuko, pasipo na kibao.
Kanuni haimruhusu. Hakuna aliyemripoti.

Jana, nikizima taa, kijana wa kuunganisha mabehewa
alisimama kizingitini, glavu kwapani,
miguuni buti mpya, bado zinang'aa.
"Nimefuata buti," akasema.
"Namba ngapi?" nikauliza,
nikiliwasha tena birika.